Mwanafunzi wangu kahamishwa timu

Wengi mmeniuliza kama nimeshaanza kuipenda hoki ya barafuni. Naipenda, tena sana! Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa 2024–25, nilipokuwa field.

Field ya huku ni wiki 16 mfululizo. Nikapangiwa sekondari moja hapa Saskatchewan, hesabu darasa la 12. Kulikuwa na kijana wa miaka 17, mpole, anayesinzia kila Jumatatu. Mwalimu mwenyeji akanidokeza: huyo anacheza WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada.

Jamani, hiyo ligi si mchezo. Timu zilikuwa 22, kuanzia Manitoba mpaka British Columbia, na nyingine ziko Marekani, Washington na Oregon. Kila timu mechi 68, Septemba hadi Machi, mtoano bado haujaanza. Safari karibu zote ni basi, usiku, kwenye theluji. Mkoa huu wanajua basi linaweza kufanya nini: Aprili 6, 2018, basi la Humboldt Broncos, timu ya ligi nyingine ya vijana, liligongana na lori, wakafa watu 16.

Wengi wanaishi na familia za kuwapokea, maana kwao ni mbali. Kijana wetu alikuwa na "mama" wa huku, ndiye aliyekuja kikao cha wazazi.

Basi, siku moja ya Novemba, kiti kitupu. Klabu imembadilisha na mchezaji mwingine, kaondoka jioni ile ile kwenda Alberta. Mtihani wake nilikuwa nao mkononi, kapata 71. Nikaambiwa niupeleke ofisini, utamfuata. Na Kanada kila mkoa una mtaala wake, kwa hiyo kule alikofika walikuwa kwenye mada nyingine kabisa. Shule mpya, mama mpya, kipeuo kipya.

Niwe mkweli, ligi haiwatupi. Kila msimu mchezaji anaocheza analipiwa ada ya mwaka mmoja wa chuo. Wazazi wengi wanaliangalia hilo. Lakini kilichonichosha ni hiki: miaka na miaka NCAA, michezo ya vyuo vya Marekani, iliwakataa hawa vijana eti ni wachezaji wa kulipwa. Ukija kwenye mshahara, wanaitwa wanafunzi, wanapewa posho! Novemba 2024 ndipo NCAA ilipopiga kura kuwaruhusu, kuanzia Agosti 2025. Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat Tigers, akaenda Penn State.

Hao Medicine Hat ndio waliobeba ubingwa wa WHL, kisha Juni 2025 wakafungwa 4–1 na London Knights kwenye fainali ya Memorial Cup kule Rimouski. Mechi niliiangalia na wenzangu wa bwenini, tukapiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Timu mpya ya kijana wangu ilishatolewa zamani. Kabla ya hapo nilimwona mara moja kwenye runinga, kafunga bao. Mtangazaji akasoma urefu wake, uzito wake, na timu aliyotoka. Mimi nikawaambia wenzangu, huyo ana 71 ya hesabu.