Daktari Mwanagenzi na Neno "Sijui"

Mtu akivaa koti jeupe na kutundika shingoni mpira wa kusikilizia kifua, watu hudhani ilimu imeshamjaa. Nilipoanza mwaka wangu wa mafunzo ya wodini nilijua kuwa sivyo, lakini nilikificha kitisho changu. Mzazi akiniuliza, nilijibu haraka na kwa sauti kubwa, nikidhani huko ndiko kujiamini.

Usiku mmoja aliletwa mtoto wa mwaka na nusu, anaharisha tangu juzi. Macho yamedidimia, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Niliyahifadhi niliyosomeshwa: mtoto wa umri huo aliyekaukiwa sana na maji hutiwa mshipani mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya mwanzo. Nikaagiza dripu ya kasi.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, hakunibishia mbele ya wazazi. Aliniita kando akasema taratibu, "Daktari mwanangu, umeitazama miguu yake?"

Sikuwa nimeitazama. Nilipoibonyeza, kidole kiliacha shimo. Mtoto alikuwa na utapiamlo, na maji mengi ya haraka huweza kuulemea moyo wa mtoto kama huyo, akafa. Hata ile ngozi isiyorudi si dalili ya kutegemewa kwake. Mikono yake ilikuwa na joto na aliweza kunywa, basi dripu tuliiacha. Nilimpigia simu daktari mkubwa nikamweleza yote, kisha tukamnywesha maji ya dawa kwa kijiko, kidogo kidogo, hadi alfajiri. Baada ya wiki kadhaa alirudi kwao, Alhamdulillahi.

Ibn Nadim, katika Al-Fihrist, amesimulia jinsi tabibu mkubwa Abubakar Ar-Razi alivyokuwa akikaa na wanafunzi wake safu mbele ya safu. Mgonjwa alianza kwa safu ya mbele. Wasipojua, wakampeleka kwa waliofuata, mpaka afike kwa Ar-Razi mwenyewe. Huko hakuna aliyeona haya kusema hajui.

Tangu usiku ule nikiwa na shaka nauliza, na ajabu ni kwamba sauti yangu imetulia. Nanyi wazazi, daktari kijana akikwambieni, "Ngojeni nikaulize," msimdharau. Huyo anamuogopea mtoto wenu kuliko anavyoiogopea heshima yake.