Walipopigana Waliokuwa Marafiki

Jioni moja mama mzee, jirani yetu katika komini ya Tshopo hapa Kisangani, alitujia na karatasi tupu mkononi. Alitaka tumwandikie habari za mumewe, aliyeuawa na kombora mwezi wa Juni 2000, ili wajukuu wake wazikute siku yeye atakapokuwa hayupo. Tukaandika jina, mtaa na siku. Kisha tukamwuliza: "Mama, aliuawa na nani?" Akanyamaza kitambo kirefu. Mwisho akasema: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyesoma. Niambie mimi. Lile kombora lilikuwa la Waganda au la Wanyarwanda? Maana ya wote wawili yalikuwa yakipita juu ya nyumba yangu."

Hatukuwa na jibu. Basi tumeona yafaa tuandike machache juu ya jambo hili. Vijana wengi wa mji wetu waliozaliwa baadaye wasikiapo habari za vita vya siku sita hudhani kwamba walipigana maadui. Sivyo. Walipigana marafiki.

Katika vita vya siku hizi kuna msiba ambao wanajeshi huuita moto wa rafiki. Ni pale askari wanapowapiga wenzao wenyewe, au wale waliofungamana nao, wakidhani ni adui. Mwaka 1978, Tanzania ilipokuwa ikipigana na Idi Amin, askari wa mizinga huko Musoma walizitungua ndege tatu za jeshi lao wenyewe. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, ndege ya Marekani ilipiga magari ya Waingereza, wakafa askari tisa. Tarehe 14 Aprili 1994, ndege mbili za Marekani zilitungua helikopta mbili za Marekani kaskazini mwa Iraki. Wakafa watu 26, Wamarekani pamoja na Waingereza, Wafaransa, Waturuki na Wakurdi. Marubani walizitazama kwa macho yao wenyewe, wakadhani ni za Iraki.

Mambo hayo yana sababu zake. Silaha hupiga mbali kuliko jicho linavyoona. Redio za majeshi mawili hazisikilizani. Giza, moshi na haraka humfanya mtu aone kile anachokiogopa. Lakini tazameni jinsi watu wanavyotenda baadaye. Hufanya uchunguzi, hutafuta ni nani aliyekosa, hubadili ishara na amri ili lisitokee tena. Na aliyepiga, akijua amemwua mwenzake, huenda akabeba uchungu huo maisha yake yote.

Sasa turudi kwetu. Jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda la siku zile walikuwa zaidi ya majirani. Vijana wengi wa Kinyarwanda waliokulia ukimbizini walipigana msituni pamoja na Yoweri Museveni, wakaingia naye Kampala mwaka 1986. Paul Kagame alikuwa mmoja wao. Kutoka Uganda waliivamia Rwanda mwezi wa Oktoba 1990. Na vita vilipoanza nchini mwetu tarehe 2 Agosti 1998, majeshi yote mawili yalisimama nyuma ya waasi wa chama kimoja, RCD. Siku 21 baadaye, tarehe 23 Agosti, Kisangani ikatekwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu walisema wamekuja kutukomboa. Lakini walipokwisha kukaa mjini, walianza kutazamana kwa jicho baya. Ni nani atakayewaongoza waasi? Almasi ya Kisangani itapita mikononi mwa nani? Ni nani mkubwa, ni nani mdogo? Mwezi wa Mei 1999 waasi wakagawanyika, kundi moja likisimama na Rwanda na jingine na Uganda. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule majeshi hayo mawili yakapigana katikati ya mji wetu. Wakapatana. Mwezi wa Mei 2000 wakapigana tena. Wakapatana tena, wakakubaliana kuwaondoa askari mjini. Kisha Jumatatu tarehe 5 Juni wakaanza mara ya tatu, wala hawakuacha kwa siku sita.

Wakati huo tulikuwa na umri wa miaka tisa. Baba alipandisha magodoro juu ya kitanda, akatuingiza chini yake sisi na wadogo zetu. Usiku mtulivu tulizoea kusikia maji ya mto Tshopo yakianguka. Siku zile hatukuyasikia, kwa kuwa makombora yalikuwa yakivuka mto kwenda na kurudi. Umeme ulikatika, na maji ya bomba pia. Tulikunywa maji ya mvua kutoka pipa la nyuma, kikombe kimoja kwa watu wawili.

Siku ya tatu askari mmoja aliingia uani, peke yake, amejaa vumbi. Aliomba maji kwa Kiswahili. Baba akamchotea katika pipa lile. Akanywa, akasema asante mzee, akaenda zake. Alikuwa wa upande gani? Baba hakuuliza, naye hakusema. Pande zote mbili walikuwako waliojua lugha hii tunayoiandika hapa. Hawakukosa namna ya kuelewana.

Ilipokwisha, Jumapili iliyofuata ikiwa sikukuu ya Pentekoste, watu walitoka kuhesabu wafu wao. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa uani, maana hapakuwa na njia ya kwenda makaburini. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliokuja kuchunguza waliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, na yapata 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 zilibomoka au ziliharibika, shule 69 zilipigwa, na kanisa kuu letu halikusalimika. Watu 65,000 walikimbia. Makombora yaliyoanguka mjini yalizidi 6,600.

Twajua methali ya tembo wawili na nyasi. Lakini nyasi hunyeshewa mvua zikaota tena. Mume wa mama yule hakuota tena.

Wako wasemao: "Ilikuwa ajali tu, wakubwa walikosa kuelewana." Ndugu wasomaji, neno hilo tusilikubali. Ajali haitokei mara tatu katika mji mmoja, kati ya watu wale wale, ndani ya mwaka mmoja. Rubani wa mwaka 1994 hakumjua aliyempiga. Waliopigana hapa walijuana kwa majina. Walijua adui wao ni nani, na walijua pia kwamba kati yao na huyo adui palikuwa na soko, shule, wodi za wagonjwa na vitanda vya watoto. Aliyekosea anahitaji kufundishwa. Aliyekusudia anahitaji kukiri. Tukiyachanganya haya mawili, twamnyima aliyeumizwa hata haki ya kuitwa aliyeumizwa.

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama, kwa azimio lake namba 1304, liliyataka majeshi hayo mawili yaondoke na nchi zao zilipe hasara. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliihukumu Uganda mwezi wa Desemba 2005. Mwezi wa Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa mambo yote iliyoyatenda nchini mwetu, nayo ikaanza kulipa mwaka ule ule. Shauri la Rwanda halikusikilizwa, kwa kuwa mwaka 2006 mahakama hiyo iliamua kwamba haina mamlaka juu yake. Hivyo sheria inaweza kuwatenga wale wawili, huyu ndani, huyu nje. Lakini mama aliyekuta dari juu ya mumewe hawezi kuwatenga. Chuma kilichomwua hakikuwa na bendera.

Haya yote tulimweleza polepole mama yetu, penye taa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuonyesha kwa kidole ile nafasi tuliyoiacha wazi, akasema: "Basi andika hivi, Mwalimu: waliomwua walikuwa marafiki wawili waliogombania kisicho chao."

Tukaandika hivyo. Kisha tukamsomea karatasi yote toka mwanzo, jina, mtaa, siku, naye akaikunja mara nne, akaitia katika kibweta pamoja na picha ya arusi yao.

Nanyi wenye wazee nyumbani, kaeni nao mwandike. Wengi wa waliozika watu wao uani mwaka ule wamezeeka sana.