Rongai: Taka Zilizo Mbali na Barabara

Ikitajwa Rongai, wengi wetu wa pwani hudhani ni Ongata Rongai, kando ya Nairobi. Hii nyingine iko Bonde la Ufa, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru. Ukiiacha barabara kuu ya malori yaendayo Eldoret, unaingia katika nchi ya mahindi, mkonge na ng'ombe wa maziwa. Nyumba zimeachana, kutoka ua mmoja hadi wa pili ni mwendo.

Umbali huo ndio unaoitatiza kazi ya kukusanya taka. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, mkokoteni mmoja waweza kuhudumia nyumba nyingi kabla ya adhuhuri. Mashambani, lori lingemaliza mafuta kabla halijajaa. Kwa hiyo taka hufukiwa shimoni au huchomwa uani. Maganda hayana neno, lakini chupa za plastiki na pakiti zikiungua, moshi wake wenye sumu humfikia kwanza mama aliye karibu na moto na mtoto aliye mgongoni mwake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Vifungashio vingine vingi vingali vinaingia majumbani.

Kuzibeba zote hadi mjini nako si dawa. Jaa la Gioto, kwenye mteremko wa Menengai, limelemewa kwa miaka mingi, na zipo familia zinazopata riziki kwa kulichakura. Kupeleka huko mchanganyiko mwingine ni kuuhamisha udhia, si kuuondoa.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Hapo mwanakijiji ametutangulia sisi wa mjini: maganda ni chakula cha ng'ombe, na yanayobaki huwa mboji ya shamba. Havihitaji gari. Vinavyosalia, vikisuuzwa na kukaushwa, vyaweza kungoja guniani mwezi mzima bila harufu. Na njia ya kuvikusanya imekwisha kuoneshwa na maziwa: mfugaji hupeleka mtungi wake kando ya barabara asubuhi, gari likapita kuchukua. Vituo vya namna hiyo vingeweza kupokea magunia siku moja maalumu kwa mwezi. (Sisemi gari la maziwa lipakie taka, hasha!)

Ila mipango hupangwa barazani, na anayetenga taka yuko jikoni. Akiulizwa yeye, atataja jambo ambalo wapangaji hulisahau: nepi. Chuma chakavu na chupa hununuliwa kwa kilo, na mnunuzi huzifuata mwenyewe. Nepi na pakiti laini hazina mteja. Tunajivunia Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki kuukuu na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019; lakini hata fundi hodari hawezi kuunda chombo kwa nepi iliyotumika. Mpango utakaomwachia mnunuzi achague utaondoka na chuma, na moto wa uani utaendelea.

Sheria hiyohiyo imewabebesha watengenezaji wa bidhaa wajibu juu ya taka zake. Basi gharama ya gunia lisilo na mteja na itoke kwao na kwa kaunti, kabla mama wa Rongai hajaombwa kutoa nauli ya bodaboda kulifikisha kituoni.