Atokaye Gerezani Alale Wapi?

Kuna neno ambalo huku kwetu Kasongo na Kabambare watu hulisema kwa sauti ndogo, jikoni au njiani kwenda shamba, lakini barazani hawalisemi. Neno lenyewe ni hili: mtu aliyefungwa kwa sababu ya kubaka, akimaliza kifungo chake, alale wapi? Mwizi akitoka gerezani tunafungia kuku na mbuzi wetu, basi. Lakini huyu? Ana mama yake mtaani, ana nyumba ya baba yake, ana shamba lake la mpunga. Na nyumba ya tatu kutoka kwao ndimo anamokaa binti aliyemtendea ubaya.

Wengine hujibu: afukuzwe. Wengine hujibu: amekwisha lipa deni lake, tumwache. Mimi naona majibu yote mawili ni mafupi mno.

Kwanza tujue sheria ya nchi yetu. Tarehe 20 Julai 2006 zilitolewa sheria mbili juu ya mambo haya. Mbakaji hufungwa miaka 5 hadi 20. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kama mbakaji ni mzazi, au mwalimu, au mganga, au mtumishi wa dini aliyetumia vibaya cheo chake, kifungo cha chini huongezwa mara mbili. Uchunguzi umalizike kwa mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Tena ofisa wa serikali hana ruhusa ya kuimaliza kesi ya namna hii kwa kutoza faini tu.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa tazameni desturi yetu. Mara nyingi kesi haifiki hata parke. Barabara ni mbaya, hasa wakati wa mvua, na nauli ya kwenda tribinali ni kubwa kuliko mavuno ya mwaka. Basi wazee wa koo mbili wanakaa pamoja. Wanaleta mbuzi wawili, kitenge kimoja, pombe, na maneno yamekwisha. Pengine wanasema kijana amwoe binti, ili aibu ifunikwe. Hapo swali letu la makao limekwisha jibiwa kwa namna mbaya kabisa: mbakaji analala kwake, na binti analala kwa mbakaji! Wazazi wakumbuke kwamba sheria ile ile ya 2006 inamfunga hadi miaka 12 mzazi au mlezi anayemlazimisha mtoto kuolewa.

Nimekaa Kasongo miaka mingi, na jambo moja nimeliona zaidi ya mara moja. Ubaya ukitokea, anayefunga mzigo ni binti. Anapelekwa kwa shangazi yake Kindu, au kwa bibi yake kijijini, eti apumzike. Shule inakatika. Rafiki zake hawamwoni tena. Akiuliza atarudi lini, anaambiwa: ngoja maneno yapoe. Kumbe sisi nasi tunayo sheria ya makao, ijapokuwa haikuandikwa. Inasema aliyeumizwa ahame, na aliyeumiza abaki. Sheria hiyo ndiyo ningependa tuigeuze.

Je, tumfukuze mtu huyo mbali? Tufikiri atakwenda wapi. Kwa kawaida atafuata dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, katika Teritwari ya Kabambare. Kule watu wanatoka pande zote, na hakuna amwulizaye mwenzake ametoka wapi wala amefanya nini. Kule pia kuna watoto, tena wengi hawana mtu wa kuwatazama, kwa maana mama zao wako chimboni mchana kutwa. Basi mtaa wetu umejinunulia usingizi kwa hatari ya watoto wa wenzetu. Huo si ulinzi.

Mataifa yenye mali nayo yamejaribu njia ya kufukuza. Mwaka 2005 wilaya ya Miami, kule Florida katika Marekani, ilitunga amri kwamba waliofungwa kwa kunajisi watoto wasikae karibu na shule, pungufu ya mita 760 hivi. Mji una shule nyingi. Nyumba za kupanga zikakosekana. Makumi ya watu hao wakahamia chini ya daraja moja kubwa, wakalala humo katika mahema na vibanda mpaka mwaka 2010. Hawakuwa na choo, wala kazi, wala jamaa. Mtu asiye na kitu cha kupoteza ni rahisi kumlinda kweli?

Katika jimbo la Minnesota wakuu wa magereza walifanya uchunguzi, wakautoa mwaka 2007. Walichukua kesi za watu 224 waliotoka gerezani wakarudia uovu huo. Wakauliza: ni wangapi wangezuiwa na amri ya kukaa mbali na shule? Jibu: hata mmoja. Wengi walimfikia mtoto kwa njia ya kujuana, hasa kwa urafiki na mama yake. Nasi tunajua hivyo. Mara nyingi mbaya wa mtoto ni mjomba, jirani, mpangaji, au mwalimu wa masomo ya jioni. Mita hazimzuii mtu aliyekwisha karibishwa ndani.

Majirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2006. Inaamuru majina ya waliohukumiwa yaandikwe katika kitabu kinachotunzwa na Mahakama Kuu. Sheria yetu ya mwaka ule haikuweka kitabu cha namna hiyo. Mimi ningefurahi tukipata nacho, ili mkubwa wa shule ajue anamwajiri nani. Lakini kitabu kilichomo kabatini Kinshasa hakikai mlangoni usiku.

Nimeona njia bora katika habari za Kanada. Mwaka 1994 katika mji wa Hamilton, mtu aliyewanajisi watoto alitoka gerezani, na watu wakaogopa sana. Mchungaji mmoja wa Kimenno aliwakusanya Wakristo wachache wamzunguke mtu huyo. Walijua anapolala. Walimtembelea, wakamsaidia mahitaji yake, wakamwuliza maswali magumu uso kwa uso: leo umekuwa wapi, na nani, kwa nini? Njia hiyo imeenea toka hapo katika nchi nyingine, na kanuni yake ni wazi: mtu huyo asiachwe peke yake, na asifichiwe uovu wake. Akivunja masharti, polisi huambiwa.

Jambo hilo twaliweza, maana sisi ni watu wa ukoo na wa baraza. Tena sheria yetu inatusaidia. Katika kifungu cha 5 cha Kodi ya Adhabu ya Kongo, pamoja na kifungo na faini, yako pia haya: kumwamuru mtu akae mbali na mahali fulani, na kumwekea mahali pa kukaa. Basi ndugu za binti, kesi ikisikilizwa, wamwombe hakimu neno hilo kabla hajahukumu. Wasingoje siku mfungwa atakapotokea kwenye njia ya kisima.

Nayo baraza ifanye haya. Binti asihamishwe kwa nguvu. Mtu huyo ndiye akae mbali naye, mahali ambapo shefu wa mtaa au kapita wa kijiji anapajua. Asilale katika nyumba yenye watoto, hata ikiwa nyumba ya dada yake. Wateuliwe watu wazima wanne au watano, wanawake wakiwamo, wa kumtembelea na kumwuliza. Apewe kazi ya shamba au ya matofali. Asipewe kazi ya shule, wala kwaya, wala katekisimu. Mtasema, nani atalipa nyumba? Ukoo wake! Kama uliweza kupata mbuzi wa kuizima kesi, utaweza kupata miti na nyasi za kujenga kibanda kimoja.

Najua wako wengine ambao hakimu hakuwagusa kamwe. Vikundi vya wenye silaha vimepita Kasongo na Kabambare miaka mingi. Na mwezi wa Januari 2025, Goma ilipotekwa, gereza la Munzenze lilibomolewa na wafungwa maelfu wakatoka bila karatasi. Kwa hao macho ya mtaa yafunguke zaidi. Lakini neno la kusikia tu tulipeleke parke. Tusimtangaze mtu wala kumpiga kwa tetesi, kwa maana damu ya asiye na hatia haimlindi mtoto yeyote.

Wengine wataniambia: sisi ni Wakristo, yatupasa kusamehe. Ndiyo. Lakini kusamehe si kumpa mtu ufunguo wa nyumba ya watoto. Anayetubu kweli hatakasirika akiambiwa asikae karibu na binti aliyemwumiza. Yeye mwenyewe ataomba hivyo.

Basi siku mtu kama huyo atakaporudi, wazee wasianze na karamu ya kumpokea, wala vijana wasianze na fimbo. Waende kwanza kwa mama wa binti, wakae, wamwulize: mama, wewe na mtoto wako mnataka alale wapi? Na jibu lake lipelekwe barazani kabla jua halijatua.