Kilo Zikianza Kurudi



Neno la leo ni lako wewe uliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miaka mitatu au minne iliyopita, na siku hizi ukiona mizani unapita mbali. Ni lako pia unayengoja tarehe ya upasuaji, ukiamini kwamba utakonda mpaka ufikie kilo za ujana wako na hutanenepa tena.

Mimi nilifanyiwa baipasi, ile ya kubakisha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Niliingia na kilo 142. Baada ya mwaka mmoja na nusu nikawa na kilo 98. Leo, mwaka wa sita, nina kilo 106. Juzi ndugu mmoja aliniuliza mlangoni mwa kanisa, "Pasta, kwani ile operesheni ilikataa?"

Haikukataa. Nisikilize vizuri.

Kule Uswidi, kuanzia 1987, watafiti waliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji, na wengine kama hao ambao hawakufanyiwa. Waliofanyiwa baipasi walipoteza wastani wa 32% ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 ilikuwa 25%. Umeona? Kilo kadhaa zilirudi, nyingi hazikurudi. Wale wasiofanyiwa, uzito wao haukubadilika sana. Na matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache kuliko wenzao.

Kwa nini zinarudi? Mwili ukiwa mwepesi unatumia chakula kidogo kuliko zamani. Njaa iliyonyamaza mwaka wa kwanza inaanza kubisha hodi. Kile kifuko kinakubali zaidi ya vijiko vichache vya uji. Huo ni mwili unaojitetea. Usijihukumu kama mtu aliyeanguka dhambini.

Sasa piga hesabu kutoka mahali ulipoanzia. Ukipima kutoka siku ile uliyokuwa mwembamba kuliko zote, utalia kila asubuhi. Mimi nimepungua kilo 36, zaidi ya robo ya uzito wangu. Napanda ngazi za madhabahu bila kutweta.

Lakini sikiliza hatari yenyewe. Aibu ya kilo nane inaweza kukufanya uache kliniki. Ukiacha kliniki, unaacha vipimo vya damu. Ukiacha vitamini, B12 inapungua polepole na miguu inakufa ganzi. Chuma kinapungua na damu inaisha. Tembe hizo ni za maisha, mpendwa. Maombi na tembe vinakaa meza moja.

Sisemi ujiachilie. Anza na mayai, samaki au ndengu kabla ya ugali. Soda na chai ya sukari nyingi hupita kwenye kifuko bila kukushibisha, kwa hiyo ziangalie. Tembea. Na kilo zikipanda kwa kasi, usijifungie nyumbani. Mwone daktari. Kuna washauri wa lishe, kuna dawa, na wengine hurekebishiwa ule upasuaji.

Nawe unayengoja tarehe, muulize daktari wako swali hili kabla ya kutia sahihi: "Mwaka wa kumi nitakuwa wapi?"

Wiki hii, pigia kliniki simu. Uombe siku. Uende.

Ubarikiwe.