Kitabu Kinene na Swali Jembamba

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka yote hukosa yote. Methali hii ilimwandama mwanafunzi mmoja wa uzamili wa Kiswahili, aliyeiaga hisabati siku alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, akaapa kutoirejelea. Miaka kumi baadaye, tasnifu ikamrudisha huko huko. Alikusudia kuifunza tarakilishi kuainisha maneno ya Kiswahili, kazi isiyotendeka bila maarifa ya taaluma iitwayo ujifunzaji wa mashine. Msimamizi wake alimpa muhula mmoja athibitishe kwamba analiweza jambo hilo. La sivyo, abadilishe mada.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuchagua kwa sifa. Alisikia kitabu cha Christopher Bishop cha mwaka 2006 kikisifiwa, akakiazima maktabani. Kina kurasa zaidi ya 700, nacho humchukulia msomaji kuwa hana shida na kalkulasi wala aljebra ya matriki. Wiki tatu zilipita, naye angali katika sura ya kwanza. Kosa la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Alijiandikisha katika kozi tano za mtandaoni, mojawapo kwa fedha alizozitenga kupigia chapa tasnifu. Kila kozi ilianza na utangulizi ule ule, na hakuna aliyoifikisha katikati. Hata kozi mashuhuri ya Andrew Ng aliipata katika umbo lake la mwaka 2011, linalotumia lugha ya Octave, ilhali toleo la mwaka 2022 hutumia Python. Akakariri amri ambazo hakuzihitaji.

Aliyemfumbua macho ni mhadhiri wa takwimu. Hakumtajia kitabu, alimuuliza tu: "Binti yangu, unataka mashine ikujibu nini?"

Alifikiri kitambo. "Inieleze, mwalimu, kama neno 'paa' ni sehemu ya nyumba, mnyama au kitendo."

"Basi tafuta kitabu kinachoanzia kwenye maneno, na kingine cha kukufunza kujipima. Viwili vyatosha."

Akachagua kitabu cha Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper cha mwaka 2009, kinachofundisha Python kupitia uchanganuzi wa lugha, wala hakimdai msomaji ujuzi wa awali wa programu. Cha pili kilikuwa cha James, Witten, Hastie na Tibshirani kuhusu ujifunzaji wa kitakwimu, kilichotoka mwaka 2013 na kupata toleo la Python mwaka 2023. Vyote viwili waandishi wameviweka mtandaoni visomwe bila malipo.

Mazoezi aliyafanya kwa sentensi alizoziainisha mwenyewe kwa mkono. Programu yake ya kwanza ilipatia karibu kila neno, akashangilia. Alipoipa sentensi ngeni, ikababaika. Kitabu cha pili kikamweleza kiini: aliipima mashine kwa sentensi zile zile alizoifunzia, mithili ya mtahini anayeuliza maswali ambayo watahiniwa wamekwisha kuyakariri. Akatenga sehemu ya sentensi kwa ajili ya kupimia tu, akaanza upya. Alama zilishuka, naye hakuzificha.

Kilichozipandisha tena hakikuwa katika kitabu chochote kati ya hivyo. Kilikuwa upatanisho wa kisarufi, somo alilolijua tangu shule ya msingi: "paa lake" ni la nyumba, "paa wake" ni mnyama. Alipoiruhusu programu itazame kiambishi cha neno linalofuata, nyingi za "paa" zilizokuwa zikiichanganya zikapata mahali pake.

Msimamizi aliidhinisha mada. Fedha za kupigia chapa hazikurudi, na kozi nne hazijafunguliwa tena. Anayenuia kuishika njia hii, basi, na aandike kwanza swali lake kwa sentensi moja, kisha ndipo aende maktabani.