Vibarua wa Kisiwa cha Mombasa

Mtu aiachaye Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akafuata Ndia Kuu ndani ya Mji wa Kale, hakawii kufika bandari ya kale. Hapo ndipo vilipotia nanga vyombo vilivyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Fedha nazo zilikuja kwa msimu. Hamali alijaza mfuko vyombo vilipofika, na vilipotweka tanga kurudi na kusi, alitafuta shughuli nyingine.

Upande wa pili wa kisiwa maji ya Kilindini ni marefu, na meli kubwa zilihamia huko. Mizigo yake ilipakuliwa na vibarua waliolipwa kwa siku, na mpango huo uliwafaa wengi. Mwenye shamba la minazi na muhogo Likoni au Kisauni alivuka, akafanya kazi siku kadhaa, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kulima. Kadhalika mwenye nyumba ya Majengo, akaaye chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, hakuwa na haja ya kwenda gatini kila alfajiri. Waajiri walimwita mvivu. Si haki, hesabu yake ilikuwa sawa kabisa.

Mgeni wa bara hakuwa na hiari hiyo. Alilipia chumba, alinunua kuni, na jamaa zake nyumbani walimngojea. Siku isiyo na meli ilimwachia deni dukani. Bei za vitu zilipopanda baada ya vita, mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa muda wa karibu siku 12, na kazi zikasimama kisiwani kote.

Katika miaka ya 1950 vibarua wa gati walitakiwa kufika kazini siku za kutosha kila mwezi, na asiyefika alifutwa katika orodha. Basi mwenye shamba alilazimika kuchagua jembe au gati. Waliochagua gati walipata ujira bora, hasa baada ya mgomo wa 1955 ambao Tom Mboya alisaidia kuusuluhisha. Lakini tangu hapo riziki yao yote ilikuwa mikononi mwa tajiri mmoja. Baadaye yakaja makontena, ambayo winchi huyanyanyua bila kuhitaji mabega ya watu wengi.

Hata leo feri ya Likoni huvusha maelfu ya watu kila asubuhi, na aendaye kwa miguu halipi nauli. Miongoni mwao wamo watafutao kibarua cha siku hiyo tu, wasiojua kama watakipata. Kama nauli ingetozwa, baadhi yao wasingeweza hata kuvuka kwenda kuuliza kazi.